Ramani ya Kanazi Yenye Muhuri

Mwizi aliacha kompyuta nne mezani. Aliacha droni ndani ya sanduku lake, akaacha hata simu ya mlinzi iliyokuwa ikichajiwa dirishani. Alichukua karatasi moja tu.

Inspekta Odeta Malongo alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, akaitazama meza ya pili, iliyobaki tupu. Ilikuwa Jumatano, saa nane na robo mchana, katika mji wa Biharamulo. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imekatika punde tu. Kutoka stendi zilisikika sauti za wapiga debe wakiwaita abiria wa Ngara.

Kwa miaka kumi na sita ya upelelezi alikuwa amefungua majalada ya ng'ombe, ya pikipiki, ya visu na ya ugomvi wa mipaka ya mashamba. Jalada la karatasi hakuwahi kulifungua. Alijikuta anataka kutabasamu, akajizuia, maana mlalamikaji alikuwa amesimama mbele yake akitoka jasho.

"Karatasi gani?" aliuliza.

"Ramani," alijibu mlalamikaji. Huyu alikuwa Bwana Frednand, mratibu wa mradi uliopanga chumba hicho kwa ajili ya kuchora ramani za hatari. "Ramani ya kata ya Kanazi, wilaya ya Ngara. Maporomoko ya ardhi na mafuriko."

"Inaonyesha nini?"

Bwana Frednand alimgeukia msichana aliyesimama karibu na kompyuta. Huyo, Irine, alikuwa mtaalamu wao, mwembamba, mwenye buti zilizojaa tope mpaka kwenye vifundo.

"Tunachukua mteremko wa kilima, afande," alisema Irine. "Tunachukua aina ya udongo, kiasi cha mvua, mito, mashamba, nyumba. Kila kimoja ni tabaka lake. Mfumo wa taarifa za kijiografia unayapanga matabaka hayo moja juu ya jingine kama chapati kwenye sahani, kisha unatoa jibu. Pekundu ni hatari. Kijani ni salama."

"Sasa si mchapishe nyingine?"

"Kuchapisha ni dakika kumi. Tatizo ni muhuri. Ile iliyoibwa ndiyo iliyosainiwa, na aliyesaini amesafiri hadi wiki ijayo."

"Na mnaihitaji lini?"

"Keshokutwa," Bwana Frednand alidakia. "Ijumaa kaya ishirini na mbili zinahama kutoka bondeni, kwenye eneo jekundu, kwenda mteremko wa Rwamutunda, eneo la kijani. Bila nakala yenye muhuri, hakuna kuhama."

"Nani alilijua hilo?"

"Kijiji kizima. Nililitangaza mwenyewe mkutanoni."

Odeta alienda mlangoni. Wakati wa tukio wafanyakazi walikuwa wamekwenda kula, na mlinzi akawafuata kwa harufu ya pilau. Kufuli lilikuwa bado limefungwa, limening'inia kwenye komeo lake. Ila komeo lenyewe halikuwa mlangoni tena. Lilikuwa limelazwa chini taratibu, na kando yake skrubu nne zimepangwa mstari, kila moja na kipete chake cha chuma.

"Mwizi nadhifu huyu," alisema Koplo Matiasi, msaidizi wake, akipiga picha.

Odeta alichuchumaa. Kwenye bamba la komeo palikuwa na alama za meno ya chuma, nene, zilizoachiana nafasi sawa. Hayo hayakuwa meno ya koleo la nyumbani. Karibu na kizingiti aliokota kipande cha utepe mweupe, mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Akakinyoosha kati ya vidole. Kilivutika.

"Unakijua hiki, Matiasi?"

"Kile mafundi bomba wanazungushia kwenye koki, maji yasivuje."

"Tia kwenye bahasha. Kielelezo namba moja." Akasimama. "Bwana Frednand, nani hakuipenda ramani yako?"

"Manirakiza," alijibu bila kufikiri. "Nyumba yake iko kwenye pekundu. Alisema mbele ya watu kwamba ataichana. Anafanya kazi Rusumo, wakala wa forodha."

"Mwingine?"

Bwana Frednand alisita kidogo. "Hakuna wa maana."

Odeta aliliandika jibu hilo kama lilivyotamkwa, kisha akapiga mstari chini ya maneno mawili ya mwisho.

*

Alhamisi asubuhi gari la polisi lilipita Lusahunga likafuata msururu wa malori yaendayo mpakani. Odeta alikuwa amekwisha kumpigia simu mkuu wa polisi wa Ngara, akapewa ruhusa na baraka. Irine alikaa kiti cha nyuma, maana ndiye angeitambua ramani. Matiasi aliendesha, na Odeta, aliyekuwa mwimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia, aliimba kwa sauti ya chini mpaka Benaco.

Walimkuta Manirakiza Rusumo kati ya malori mawili, karatasi kwapani, kalamu sikioni. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, ambaye baba yake alivuka mpaka kutoka Burundi zamani akapata shamba na wajukuu.

"Ulisema utaichana ramani."

"Nilisema, afande. Sikusema nitaiiba."

"Jana kati ya saa saba na saa nane mchana?"

"Hapahapa. Malori sita. Kila karatasi ina muhuri na saa yake." Akamkabidhi. Odeta alizipitia moja moja. Saa saba na dakika tano. Saba na arobaini. Nane kasoro kumi.

"Bado una hasira na ramani?"

"Nilikuwa nayo wiki moja. Kisha mto ukaingia jikoni kwa mama, sufuria zikaelea. Nikasema basi, watu wa ramani wameshinda." Manirakiza alicheka hadi kalamu ikaanguka. "Mimi ni mmoja wa hizo kaya ishirini na mbili, afande. Nimekwisha kufunga magodoro. Nikamwibie ramani nani?"

"Basi nani?"

Kicheko kilipungua. "Sipendi kumtaja mtu. Ila kuna mmoja alisimama mkutanoni akasema kijani chenu si kijani. Bwana Mratibu akamwambia akae, kompyuta haikosei. Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe."

Odeta alimtazama Irine.

"Sikuwepo siku hiyo," alisema Irine polepole. "Sikuambiwa."

"Jina lake?"

"Mzee Gervasi. Wa Kanazi."

"Kazi yake?"

"Fundi bomba."

Koplo Matiasi aliwasha gari kabla hajaambiwa.

*

Walimchukua mwenyekiti wa kitongoji awe shahidi wa upekuzi, wakapita kati ya migomba mpaka nyumba ya bati yenye ua uliofagiliwa. Mwanamke wa makamo alikuwa akichagua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni." Hakuacha kuchagua. "Mmefuata karatasi."

Matiasi, aliyekuwa anatoa hati ya upekuzi mfukoni, aliganda nayo mkononi.

"Karatasi gani, mama?" Odeta aliuliza.

"Hiyo iliyolala kitandani. Mimi Kanyange, miaka thelathini ya ndoa, usiku wa jana nimelala kwenye mkeka na mume wangu, eti ramani isikunjike."

Mwenyekiti wa kitongoji aligeuka akakohoa ukutani. Odeta alijiuma midomo.

Ramani ilikuwa pale kweli, imenyooshwa juu ya kitanda, imefunikwa kwa kitenge kipya. Muhuri ulikuwa mzima. Haikuwa na doa wala mkunjo. Ila juu ya rangi ya kijani, kwenye mteremko wa Rwamutunda, mtu alikuwa ameweka alama ndogo za penseli, misalaba saba, na kando ya kila msalaba tarehe.

"Ndiyo hiyo," alisema Irine. Akainama. "Lakini hizi tarehe ni za nini?"

"Za bomba," ilijibu sauti mlangoni.

Alikuwa mzee mrefu, mvi kidogo, jembe begani na tope hadi magotini. Aliliegemeza jembe ukutani, akajipangusa mikono kwa suruali, akasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake darasani.

"Shikamoo, mzee Gervasi."

"Marahaba, afande. Nilidhani mtafika jana jioni."

"Mimi ni Inspekta Odeta Malongo wa Biharamulo. Unatuhumiwa kuvunja ofisi na kuiba. Si lazima useme lolote. Ukisema, yataandikwa na yanaweza kutumika mahakamani."

"Nimesikia. Nitasema yote, mpaka nauli ya basi. Ila kwanza twende mlimani. Ni mwendo mfupi. Mkitoka huko mnifunge pingu mtakavyo."

Kwa utaratibu, mtuhumiwa hampangii mpelelezi safari. Odeta alilijua hilo. Lakini alimtazama mtu aliyeiba karatasi akailaza kitandani, yeye akalala chini, na moyo wake ukamwambia kwamba nusu ya jalada iko huko juu.

"Tangulia," alisema.

*

Rwamutunda ulikuwa mteremko mzuri ambao mtu yeyote angependa kujenga. Nyasi zilikuwa nzito, upepo mwanana, na chini bonde lilimeremeta kwa maji yaliyotapakaa. Vigingi vilivyofungwa vitambaa vilikwisha kugawa viwanja ishirini na viwili.

Gervasi aliwapeleka kwenye bomba la chuma lililotoka chemchemi ya juu kushuka hadi koki ya kijiji. Akasimama penye kiungo cha kwanza, kilichozungushiwa utepe mweupe.

"Mwezi wa kwanza bomba lilichomoka hapa. Nikasema ni kazi ya ng'ombe. Nikataka kulirudisha, halikufika. Lilipungua shibiri moja. Nikaongeza kipande." Akashuka hatua kadhaa. "Mwezi wa pili likachomoka hapa. Limepungua mkono mzima. Nikaongeza. Mwezi wa tatu mara tatu. Mwezi huu mara mbili, na bado mwezi haujaisha."

"Bomba la chuma linafupika?" Matiasi aliuliza.

"Halifupiki, mwanangu. Chemchemi nayo haijahama, imejengewa kwenye mwamba. Koki ndiyo inazidi kwenda mbali." Akaigusa ardhi kwa kisigino. "Sasa niambieni nyie mliosoma, kimehama nini?"

Irine alikuwa amekwisha kuondoka. Alipanda mpaka juu ya viwanja, akitenganisha nyasi kwa fimbo yake ya kupimia. Ghafla akasimama. Fimbo ilizama. Ikazama mpaka mkono wake ukagusa nyasi.

"Afande," aliita, na sauti yake haikuwa ile ya ofisini. "Njoo uone."

Ulikuwa ufa, mwembamba kiasi cha kufichwa na majani, uliokata mteremko kutoka upande mmoja hadi mwingine. Odeta aliufuata kwa macho. Ndipo alipoona kwamba migrevilea yote chini ya ufa ilikuwa imeinama upande mmoja, na ile ya juu imesimama. Alikuwa ameipita miti hiyo dakika tano zilizopita bila kuiona.

"Na chini kule," Gervasi alisema, "kuna maji yanatoka mahali ambapo sijawahi kuona maji tangu nizaliwe. Kilima kimekunywa mpaka kimeshiba."

Irine alitoa tableti yake. Alisimama kwenye kila kiungo, akachukua nukta ya satelaiti, akamwuliza mzee tarehe na kipimo. Alikwenda kwenye ufa. Alikwenda kwenye chemchemi mpya. Kisha akaketi juu ya jiwe, akaongeza tabaka ambalo halikuwepo. Odeta alichungulia begani kwake. Kijani kilikaa sekunde chache, kikageuka njano, kikageuka chungwa, kikawa chekundu.

"Picha zetu za mteremko ni za miaka mitano iliyopita," alisema Irine. "Chemchemi tulizipata kwenye karatasi ya zamani zaidi. Hakuna aliyekuja kuuliza maji yako wapi leo."

Alimpigia simu Bwana Frednand. Aliongea maneno machache, akasikiliza mengi, mwisho akasema tu, "Njoo na macho yako, bosi."

Mratibu alifika saa tisa na nusu kwa gari la kukodi, viatu vinang'aa. Alipanda kwa hatua za haraka akieleza juu ya usahihi wa takwimu za satelaiti, na katikati ya kiwanja namba tisa mguu wake wa kulia ukaingia ardhini mpaka gotini. Gervasi alimshika kwapa akamng'oa. Kiatu kilibaki.

Bwana Frednand alisimama kwa mguu mmoja, amemshika bega mtu aliyemwibia.

"Ramani inasema hapa ni kijani," alisema kwa unyonge.

"Kijani kipo," Gervasi alijibu. "Ni nyasi."

Kisha Bwana Frednand alianza kutikisika mabega, na Odeta alidhani analia, kumbe anacheka. Wakacheka wote, hata mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi. Kicheko kilipokwisha, mratibu alipiga simu tatu mfululizo, na kabla jua halijashuka kuhama kwa Ijumaa kulikuwa kumefutwa. Kaya zote zingekaa kwanza katika ukumbi wa parokia, juu kwenye mwamba, mpaka ramani irudiwe.

*

Maelezo ya onyo yaliandikwa katika ofisi ya kata, mvua ikigonga bati. Odeta aliuliza, Matiasi akaandika.

"Ulikwenda Biharamulo kuiba?"

"Hapana. Nilikwenda kuongea. Mara ya kwanza ilikuwa mkutanoni, nikaambiwa nikae. Mara ya pili nilipiga simu, ikakatwa. Mara ya tatu nilikwenda, nikaambiwa nije Jumatatu. Jana ilikuwa mara ya nne."

"Ukakuta nini?"

"Mlango umefungwa. Nikakaa ngazini na mfuko wangu wa vifaa, maana nilitoka kazini moja kwa moja. Nikawaza. Wakirudi wataniambia tena nije Jumatatu. Na Ijumaa inafika kabla ya Jumatatu."

"Kwa nini ramani? Ungechukua kompyuta."

"Kompyuta nitaiuliza nini? Mratibu alisema mwenyewe, bila karatasi yenye muhuri watu hawahami. Nikaona kumbe kazi ni ndogo. Ni skrubu nne."

"Na alama za penseli?"

"Nilitaka kuirekebisha kabla ya kuirudisha. Kuirudisha ilikuwa lazima. Mimi si mwizi, afande. Yaani, jana nilikuwa mwizi. Andika hivyo."

Matiasi aliandika. Odeta alifungua ukurasa mwingine.

"Mwenyekiti ameniambia wewe ndiye uliyechaguliwa kupeleka maji kwenye makazi mapya."

"Ni kweli. Kazi ya miezi minne. Sijapata kubwa kama hiyo."

"Makazi yasipojengwa, unaikosa."

"Ndiyo."

"Na kati ya hizo kaya ishirini na mbili, ngapi ni ndugu zako?"

"Hakuna hata moja. Wengi ni wa kutoka Burundi. Mashamba yetu yanapakana, tumegombania mpaka mara nyingi." Gervasi aliikunja mikono yake mikubwa mezani. "Lakini kila asubuhi watoto wao huja kuchota kwenye koki yangu. Nawajua mpaka madumu yao. Nilipokuwa nafunga kile kiungo cha saba niliangalia viwanja nikajiuliza, huyu wa dumu la njano atalala wapi, huyu wa dumu la bluu atalala wapi. Nikaona wote watalala juu ya kitu kinachotembea. Maji hayapelekwi kwa marehemu, afande. Ukitaka kujua kwa nini nimeiba, ni hilo tu."

Odeta alimsomea maelezo yake, mzee akatia sahihi kwa herufi za shule, moja moja, akapewa dhamana hadi Jumanne.

*

Jumanne saa tatu asubuhi Gervasi aliripoti kituoni Biharamulo, shati limepigwa pasi. Alimkuta Bwana Frednand ameketi kwenye benchi na bahasha.

"Nimeandika barua," mratibu alimwambia Odeta. "Mlalamikaji hataki kuendelea. Mali imerudi ikiwa bora kuliko ilivyoondoka. Mwendesha mashtaka ataamua, lakini barua ndiyo hiyo."

"Nitaiambatanisha kwenye jalada," alisema Odeta. Alikuwa anatafuta pini aliposikia simu yake. Ilikuwa Irine, aliyekuwa Kanazi tangu Jumapili akizunguka na mafundi na wakulima kuhesabu chemchemi.

"Afande, kimeshuka."

Odeta alisimama. "Kilima?"

"Chote, kuanzia kwenye ufa. Dakika ishirini zilizopita. Viwanja vyote, vigingi, miti, bomba. Kimefika mpaka bondeni. Sijapata kusikia mlio kama ule."

"Watu?"

"Hakuna."

"Irine, una hakika?"

"Hakuna, afande. Hata mbuzi hakuna."

Odeta aliweka simu mezani. Aliwatazama wanaume wawili waliokuwa wakimtazama, akafungua mdomo awaeleze kipolisi, kwa mpangilio, akashindwa. "Rwamutunda umeshuka," alisema. "Na wote wako hai."

Bwana Frednand alifunika uso kwa bahasha. Gervasi alitoa kisimu chake cha vibonye, akabonyeza namba ya mkewe, akakiweka sikioni.

Kanyange alipokea, na sauti yake ilijaa chumba kizima, maana alikuwa mwanamke asiyeamini kwamba simu husikia sauti ya chini. "Mzee? Tuko hapa ukumbini. Tumejihesabu mara tatu, Manirakiza anatuhesabu ya nne. Mama yake amekataa kukaa chini, anacheza. Unasikia? Mzee, unasikia?"

Nyuma yake palikuwa na ngoma, vigelegele, na watu wengi wakiimba kwa Kihangaza na Kirundi kwa pamoja, kila mmoja kwa maneno yake, wimbo mmoja wa kanisani.

"Nasikia," Gervasi alijibu. Alinyoosha mkono akampa Odeta ile simu. Inspekta aliipokea, akaiinua juu ili wote wasikie. Koplo Matiasi aliingia kutoka nje, na askari wa zamu akaacha kaunta, na mwanamke aliyekuja kushtaki jirani yake akasahau shtaka akasogea mlangoni. Walisimama hapo wote, wakisikiliza Kanazi ikiimba. Ulipofika mstari anaoujua, Odeta alishika sauti ya pili.